Je, Upendo Unaweza Kuvunja Katiba ya Kikundi?



Kila tunapotembelea vikundi, viwe vya akina mama wa kuku, vya vijana wa matofali au vya wazee wa mitaro na miti, swali moja halikosi. Linaulizwa kwa njia nyingi lakini ni lile lile: "Sisi ni Wakristo. Mwenzetu akishindwa kulipa, tumfuate na katiba ama tumhurumie?" Safari hii tumeonelea tulijibu kwa urefu. Vikundi vingine vimevunjika kwa sababu ya ukali, na vingine vimevunjika kwa sababu ya huruma isiyo na mpango.

Tuchukue mfano, ili tusiongee hewani. Kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja hutoa shilingi 100 kwa wiki. Mama mmoja, fundi wa kushona, alikopa shilingi 9,000 anunue vitambaa vya sare za shule. Dhamana yake ni cherehani. Mwezi uliofuata mume wake akalazwa hospitali, na pesa za vitambaa zikaenda kwa dawa na nauli. Sasa miezi mitatu imepita na hajalipa hata senti. Katiba inasema wazi: asiyelipa kwa miezi mitatu, dhamana yake ichukuliwe iuzwe.

Siku ya mkutano nusu ya watu wanasema, "Katiba ni katiba. Tukimwacha huyu, kesho kila mtu atakuwa na mgonjwa." Nusu nyingine wanajibu, "Jamani, tutakuwa Wakristo gani tukibeba cherehani ya mtu na mume wake yuko kitandani?"

Nani ana haki hapo? Hebu tuliangalie jambo hili polepole, maana watu wenye elimu kubwa ya dini wamelibishania miaka mingi, na mabishano yao yanaweza kutusaidia.

NJIA TATU ZA KUAMUA

Mwaka 1966 mwalimu mmoja Mmarekani, Joseph Fletcher, alitoa kitabu kilichozua maneno mengi katika makanisa ya Marekani na Ulaya. Kiliitwa Situation Ethics, yaani maadili ya kufuata hali ilivyo. Fletcher alikuwa kasisi wa Kanisa la Episkopali, ambalo ni Waanglikana wa kule Marekani, na alikuwa akifundisha maadili katika chuo cha makasisi mjini Cambridge, Massachusetts.

Fletcher alisema kuna njia tatu za kuamua lililo jema.

Njia ya kwanza ni ya sheria tupu. Mtu ana kanuni kwa kila jambo, na kazi yake ni kufungua kitabu, kusoma na kutekeleza. Haulizi huyu aliye mbele yake ni nani wala amepatwa na nini.

Njia ya pili ni ya kukosa sheria kabisa. Mtu anafika kwenye jambo mikono mitupu na kuamua vile moyo unavyomtuma siku hiyo. Leo anasamehe, kesho anakaba, na hawezi kukueleza kwa nini.

Njia ya tatu ndiyo aliyoichagua yeye. Mtu anakuja na kanuni zote alizofundishwa na wazee wake na Kanisa lake, na anaziheshimu kama hekima ya watu waliomtangulia. Lakini yuko tayari kuiweka kanuni kando kama upendo unadai hivyo katika hali ile. Kwa Fletcher, jambo moja tu ndilo jema siku zote, nalo ni upendo. Mengine yote ni mema au mabaya kulingana na vile yanavyotumikia upendo.

Alizungumzia upendo gani? Si ule wa mvulana na msichana, wala ule wa kumpenda mtu kwa sababu ni wa ukoo wetu. Katika Agano Jipya la Kigiriki kuna neno agape. Maana yake ni kumtakia mtu mema na kumtendea mema, hata kama hatupendezwi naye. Jirani msumbufu, yule anayekuja mkutanoni amechelewa na bado ananung'unika, agape inamhusu pia. Upendo wa namna hii hauhitaji tufurahishwe na mtu. Unahitaji tutake mema yake na tufanye kazi ili ayapate.

MFANO MGUMU ALIOUTOA

Ili kuonyesha maana yake, Fletcher alieleza kisa cha mama mmoja Mjerumani mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mama huyu alitoka kuwatafutia watoto wake watatu chakula, akakamatwa na askari wa Urusi na kupelekwa kambi ya wafungwa huko Ukraine. Mume wake naye alikuwa amefungwa Uingereza. Aliporudi, aliwatafuta watoto mpaka akawapata, lakini mama hakujulikana alipo, na watoto walikuwa wakimhitaji sana.

Kule kambini mama alisikia habari kwamba mume na watoto wako hai na wanamtafuta. Lakini wafungwa waliachiliwa kwa sababu mbili tu: ugonjwa ambao kambi haingeweza kuutibu, au mimba. Basi baada ya kufikiri sana alimwomba askari mmoja mlinzi ampe mimba. Akapata mimba, akaachiliwa, akarudi nyumbani. Familia ilimpokea kwa furaha hata baada ya kuwaeleza yote, na mtoto aliyezaliwa walimpenda sana.

Fletcher aliuliza: huyu mama alitenda jema au baya?

Mkilisoma hili katika kikundi, mtaona watu wakigawanyika mara moja. Kabla hatujajibu, tuangalie kwanza Maandiko.

YESU NA SIKU YA SABATO

Hatuwezi kusema kwamba Fletcher alilitoa wazo lake hewani tu. Katika Injili ya Marko sura ya 2, wanafunzi wa Yesu wanakata masuke ya ngano siku ya Sabato kwa sababu wana njaa. Mafarisayo wanalalamika. Yesu anawakumbusha Daudi, ambaye kwa njaa yake alikula mikate mitakatifu iliyokuwa ya makuhani peke yao. Kisha anawaambia kwamba Sabato ilifanywa kwa ajili ya binadamu. Katika Luka sura ya 13 anamponya siku ya Sabato mama aliyepinda mgongo kwa miaka 18. Mkuu wa sinagogi anakasirika, na Yesu anamwuliza kama hawamfungui ng'ombe au punda wao siku hiyo wampeleke kunywa maji.

Tukumbuke pia wakunga wa Kiebrania katika kitabu cha Kutoka sura ya 1. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume. Hawakufanya hivyo, na alipowauliza walimpa jibu la kumzungusha. Biblia inasema Mungu aliwatendea mema.

Kwa hivyo Mkristo anayesema "sheria ni sheria" na kufunga macho hana Yesu upande wake. Lakini angalieni jambo lingine. Yesu hakuifuta Sabato. Aliuliza Sabato iliwekwa kwa sababu gani, akaitumia kwa sababu hiyo. Tofauti hii ni ndogo kuisema, lakini ndiyo itakayotusaidia kwenye kesi yetu ya cherehani.

KANISA KATOLIKI LILISEMA NINI?

Hata kabla ya kitabu cha Fletcher, mawazo kama haya yalikuwa yakizunguka Ulaya. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliyapinga katika hotuba. Mwaka 1956 ofisi ya Roma inayolinda mafundisho ya imani ilikataza yasifundishwe katika vyuo na seminari za Kikatoliki. Mwaka 1993 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alirudia jambo hili kwa upana katika waraka wake Veritatis Splendor, yaani Mng'ao wa Ukweli.

Kwa nini walikataa? Je, Kanisa linaogopa upendo? Hapana. Sababu ni hizi.

Kwanza, kuna matendo ambayo hali yoyote haiwezi kuyafanya mema. Kumwua mtu asiye na hatia ni mojawapo. Tukisema kila kitu kinaweza kuruhusiwa upendo ukidai, basi mlango huo ni mpana sana. Fletcher mwenyewe alikuja kutetea hadharani utoaji wa mimba na pia kuwaua wagonjwa mahututi kwa jina la huruma. Hapo Kanisa haliwezi kumfuata.

Pili, binadamu ni hodari wa kujidanganya. Mwenye shida na mwenye tamaa wote hupata sababu nzuri. Nani hajawahi kusikia mtu akiita upendo jambo ambalo majirani wote wanaliona ni ubinafsi? Kanuni inatusaidia siku ile macho yetu yana ukungu.

Tatu, wanyonge ndio huumia kwanza kanuni zikilegea. Mwenye nguvu na mwenye ndugu wengi kikundini hupata msamaha haraka. Mjane asiye na mtu wa kumsemea hubaki na katiba nzima juu ya kichwa chake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha tuangalie mambo matatu kwa pamoja tunapopima tendo: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na hali iliyokuwapo. Nia njema haigeuzi tendo baya kuwa jema. Hali nayo inaweza kupunguza au kuongeza uzito wa kosa, lakini kwa peke yake haiwezi kuligeuza kosa liwe wema. Mtu aliyetenda kwa hofu ya kufa habebi lawama sawa na aliyetenda kwa starehe.

Sasa turudi kwa yule mama Mjerumani. Kanisa haliwezi kusema kwamba kulala na mlinzi lilikuwa jambo jema. Lakini pia haliwezi kumtazama kama mwanamke aliyetoka usiku kwa raha zake. Alikuwa kifungoni, amebanwa pande zote, na watoto wanamlilia. Lawama yake ni ndogo sana kuliko watu wa nje wanavyoweza kudhani, na Mungu peke yake ndiye anayeijua yote. Hivi ndivyo tunavyoweza kuliita kosa kosa, na bado tukamkumbatia mtu.

PANGA LA JIRANI

Msije mkafikiri basi kwamba mafundisho ya Kikatoliki ni sheria tupu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi miaka ya 1225 hadi 1274, aliliona jambo hili zamani. Alifundisha kwamba kanuni za jumla ni za kweli, lakini kadiri tunavyoteremka kwenye mambo madogo madogo ya kila siku, ndivyo kanuni hizo zinavyoweza kushindwa kutoshea.

Mfano wake ni huu. Sheria inasema mtu akikuwekea mali, umrudishie anapoitaka. Ni sheria nzuri. Lakini kama aliyekuwekea upanga amerukwa na akili, na sasa anakuja anautaka akiwa na hasira, utampa? Huku kwetu tungesema panga. Kila mtu anajua jibu. Kukataa kumpa si kuvunja sheria ya amana. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasidhulumiwe, na siku hiyo kuifuata neno kwa neno kungeleta damu.

Thoma aliuita wema huu epikeia. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya kufuata nia ya aliyeweka sheria pale ambapo maneno yake yangeleta madhara ambayo yeye mwenyewe hakuyataka. Alisema ni sehemu ya haki.

Mwaka 2016 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliyatumia mafundisho ya Thoma katika Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, alipozungumzia familia zenye matatizo. Aliwataka wachungaji watembee pamoja na watu, wawasikilize, na wapambanue hali ya kila mmoja, kwa kuwa haitoshi kuangalia tu kama tendo linalingana na kanuni ya jumla.

SHERIA ZA MUNGU NA SHERIA ZETU

Hapa ndipo penye ufunguo kwa vikundi vyetu. Kuna sheria za aina mbili zinazokutana mkutanoni, na mara nyingi tunazichanganya.

Ziko amri za Mungu: usiibe, usiseme uongo juu ya jirani yako, usimdhulumu maskini. Hizi hatukuzitunga sisi na hatuwezi kuzipigia kura.

Halafu kuna katiba yetu: faini ya kuchelewa, riba, miezi mitatu, dhamana. Hizi tulizitunga sisi wenyewe chini ya mti, na tulikuwa na sababu. Vikundi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na katiba ni kitu cha kuheshimiwa, si karatasi ya kufungia sukari. Lakini ni kazi ya binadamu. Waliotunga hawakuweza kuona kila ugonjwa na kila kiangazi kitakachokuja.

Basi, kumwongezea muda mama mwenye mgonjwa ni epikeia. Kile kifungu cha miezi mitatu kiliwekwa ili mali ya kikundi isipotee na watu wasiwe wajanja. Mama huyu hakuwa mjanja. Na tukiuza cherehani kwa haraka, huenda ikaleta shilingi 4,000. Deni litabaki shilingi 5,000, na fundi hana tena chombo cha kupatia hizo 5,000. Kikundi kitakuwa kimefuata kifungu na kupoteza kile ambacho kifungu kilitaka kulinda.

Lakini tuseme ni mweka hazina. Shemeji yake amelazwa, na yeye ana ufunguo wa sanduku. Usiku anachukua shilingi 6,000 na kujiambia, "Ni kwa upendo, nitarudisha kabla hawajajua." Hiyo ni mali ya watu 19 wengine, na hakuna aliyemruhusu. Hapo upendo unatumiwa kama blanketi la kufunika wizi.

Mtu anaweza kuuliza, "Na kama ni mtoto anayekufa usiku ule?" Ni swali la haki. Kanisa linafundisha kwamba mtu aliye katika shida ya haraka na ya wazi, asiye na njia nyingine ya kupata kitu cha lazima kwa maisha, si mwizi akitumia mali ya wengine. Lakini siku hizi simu iko mfukoni. Mweka hazina ampigie mwenyekiti na katibu, aseme kiasi, na asubuhi kiandikwe katika kitabu. Akikosa kabisa kuwapata, aokoe mtoto, na kukicha awe wa kwanza kuwaambia wenzake wote. Jiulizeni swali hili kila mara: je, jambo hili naweza kulisema mbele ya mkutano mzima? Kama jibu ni la, na sababu si kulinda siri ya mgonjwa, kuna kitu hakiko sawa.

UPENDO LAZIMA UHESABU WOTE

Kuna jambo moja la Fletcher ambalo tungependa mlishike, hata kama hatumfuati kwa mengine. Alisema upendo na haki ni kitu kimoja, kwa kuwa haki ni upendo uliogawanywa kwa watu wengi. Upendo hauangalii tu yule anayelia mbele yetu. Unawaangalia pia wale ambao hawajalia.

Katika mfano wetu yuko mama wa pili. Anakaa nyuma kimya. Anangoja mkopo wa shilingi 6,000 za karo ya Januari. Kama fundi wetu halipi, sanduku halina kitu, na mtoto wa mama huyu atarudishwa nyumbani. Tukimsamehe wa kwanza bila kumfikiria wa pili, tumechukua pesa za mtu mnyamavu tukampa mtu tunayemwona machozi. Huo si upendo kamili.

Kwa hivyo upendo wa kikundi unahitaji kalamu na karatasi. Hesabu inaweza kuwa hivi. Fundi alipe shilingi 750 kwa mwezi kwa miezi 12, jumla shilingi 9,000, na cherehani abaki nayo ashone. Michango ya wiki tatu, shilingi 2,000 kila wiki, ipewe mama wa karo kama mkopo. Wale waliokuwa na zamu ya kukopa wiki hizo waulizwe kama watakubali kusogea mbele wiki tatu. Hapo uzito umegawanywa kwa wengi na hakuna aliyevunjwa mgongo.

Na tusisahau upande wa pili. Yuko mwanachama mwingine, binamu ya mwenyekiti. Ana duka, ana pikipiki, na ana deni la miezi minne. Anacheka tu akiulizwa. Kwake yeye, upendo ni kumdai. Tukimwacha tunamfundisha kudhulumu, na tunawaonea wanaolipa kwa jasho. Katiba ifuatwe kwake bila chuki na bila matusi.

NAMNA YA KUAMUA MKUTANONI

Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, alifundisha hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII alizisifu katika waraka wake Mater et Magistra. Wengi wenu mmezitumia katika Jumuiya Ndogo Ndogo na katika vijitabu vya Kwaresima. Zitumieni pia kwenye mambo ya pesa.

KUONA. Kabla ya mkutano watumeni watu wawili waaminifu wakamtembelee mwenye shida. Wasiende kama askari. Waulize: nini kilitokea? Una kipato gani sasa? Unaweza kulipa kiasi gani kweli? Waangalie pia sanduku lina nini na nani anangoja. Uamuzi uliofanywa kwa uvumi si wa upendo hata ukiwa mpole.

KUAMUA. Mkutanoni jibuni maswali haya kwa mfuatano:

1. Je, jambo tunalotaka kufanya linavunja amri ya Mungu? Kama ndiyo, hatulifanyi, hata kwa nia njema.

2. Kifungu hiki cha katiba tuliwekea nini? Tukikifuata leo, kitatimiza sababu hiyo au kitaiharibu?

3. Ni nani wote wataguswa na uamuzi huu? Watajeni kwa majina, pamoja na waliokaa kimya na ambao hawakuja.

4. Je, tungeamua hivi hivi kama angekuwa mtu mwingine mwenye shida kama hii, na hana ndugu hapa?

Mwenye undugu na mhusika asiongoze mazungumzo hayo wala asipige kura. Afadhali atoke nje kidogo.

KUTENDA. Katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano kile kilichoamuliwa na sababu yake: kwa mfano, "ameongezewa muda kwa sababu ya ugonjwa wa mume, wajumbe wawili wamethibitisha." Mwakani mwingine akija na shida kama hiyo, kitabu kitasema, na hakuna atakayelalamika kwamba kuna wapendwa na wasiopendwa. Wekeni siku ya kuangalia tena, labda baada ya miezi mitatu. Na mtu asiaibishwe kwenye soko kwa jambo lililozungumzwa mkutanoni.

Mkiona hali ile ile inarudi, rekebisheni katiba. Ongezeni kifungu cha msiba na ugonjwa, na mwulizeni ofisa wa maendeleo ya jamii namna ya kuyaandikisha mabadiliko. Anzeni pia mfuko wa dharura. Watu 20 wakitoa shilingi 20 za ziada kwa wiki, hiyo ni shilingi 400. Kwa wiki 52 ni shilingi 20,800. Kwa pesa hizo, huruma haitalazimika kupigana na sanduku la mikopo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Yule mama Mjerumani, mngempokea vipi kama angekuwa binti wa kijiji chenu? Mngemwambia nini?

2. Ni kifungu gani katika katiba yetu kinachoumiza maskini kuliko wengine? Kiliwekwa kwa sababu gani?

3. Je, tumewahi kumsamehe mtu kwa sababu ya undugu au cheo, tukamkaba mwingine? Tufanye nini sasa?

4. Nani kikundini mwetu hukaa kimya siku zote, na tutajuaje shida yake kabla hatujaamua?

Someni makala haya kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma, na msijadili maswali yote siku moja. Tunawatakia mkutano mwema.